Kanuni ya "Much" na "Many" katika Madarasa ya Buha

Miongoni mwa kanuni za Kiingereza ambazo mwalimu wa Buha huziandika ubaoni mapema, imo hii: jina la kitu kinachohesabika hutanguliwa na "many", na jina la kitu kisichohesabika hutanguliwa na "much". Hali kadhalika "few" ni ya vitu vinavyohesabika, na "little" ni ya visivyohesabika. Kanuni ni fupi, nayo hukaririka upesi. Kwa mifano inayoandamana nayo, yaani maji na vitabu, mchanga na mbuzi, haionekani kuwa na kasoro yoyote. Nia ya maneno haya ni kuonyesha ya kuwa kanuni hii, kama isemwavyo, si kweli. Ya kuwa humwumiza mwanafunzi mtii kuliko mzembe. Na ya kuwa Kiswahili, ambacho mwanafunzi anacho tayari kinywani, kina kipimo kilicho bora kuliko hiki, nacho hatukitumii.

Nilipata kuona daftari la mwanafunzi katika shule moja ya Kasulu. Alikuwa ameandika ya kwamba baba yake ana "many money", na mwalimu alikuwa amelikata neno kwa wino mwekundu. Mtoto akauliza kwa adabu: "Mwalimu, mbona fedha huhesabika? Jana nilizihesabu dukani." Mwalimu akamjibu: "Mwanangu, Kiingereza ndivyo kilivyo." Mtoto akanyamaza, akaandika upya. Tuangalie jambo hili vizuri. Mtoto huyu alikuwa ameishika kanuni barabara, akaipima fedha kwa kanuni, akaona yahesabika, akaandika kama alivyofundishwa. Mwenzake asiyeikumbuka kanuni, aliyeandika "much money" kwa kubahatisha, alipata alama. Basi yule aliyetii alikatwa, na yule aliyebahatisha alisifiwa. Jambo likitokea hivyo mara tatu au nne, mtoto mwenye akili hujifunza ya kuwa kanuni za lugha hazina maana, na ya kuwa yafaa kungoja kuambiwa. Hilo ni hasara kubwa kuliko kukosa neno moja.

Kosa liko wapi? Kanuni husema habari za vitu, hali jambo lenyewe ni la maneno. Kuhesabika si sifa ya kitu kilicholala juu ya meza, bali ni sifa ya jina ambalo lugha fulani imekipa kitu hicho. Mwingereza huzihesabu shilingi kama sisi, naye husema "many shillings". Lakini neno lake "money" halitaji sarafu moja moja; lataja mali kwa jumla, na kwa hiyo hufuata "much". Punje za mchele zaweza kuhesabiwa na mwenye saburi, kama zihesabiwavyo punje za maharage. Walakini "rice" ni neno la jumla, na "beans" ni neno la moja moja. Tena katika mashamba ya Uingereza hupandwa nafaka mbili ambazo punje zake hazipitani sana kwa ukubwa, "wheat" na "oats". La kwanza ni umoja daima, la pili ni wingi daima. Hapana mtu awezaye kuziangalia punje hizo kiganjani akatambua ni ipi ya "much" na ipi ya "many".

Uko ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno "pease", jina la njegere kwa jumla, kama sisi tusemavyo unga au mchele. Kwa kuwa mwisho wake ulisikika masikioni kama mwisho wa neno la wingi, katika karne ya 17 watu waliuondoa mwisho huo, wakapata neno jipya "pea", yaani njegere moja. Tangu hapo njegere zimehesabika katika Kiingereza. Njegere zenyewe hazikubadilika shambani. Kilichobadilika ni neno.

Wataalamu wamelijua jambo hili siku nyingi. Otto Jespersen wa Denmark, katika kitabu chake juu ya falsafa ya sarufi kilichotoka mwaka 1924, aliyatenga majina ya namna hii kuwa kundi la peke yake, ambalo kwa tafsiri yangu nitaliita maneno ya rundo, kwa kuwa hutaja kitu kama rundo lisilo na mpaka wala umbo lake. Elimu hiyo ina karne nzima sasa, lakini katika madaftari ya wanafunzi wetu twaona bado "vitu vinavyohesabika". Twapaswa kuandika "majina yanayohesabika", na kulieleza jambo hilo kwa mifano ya njegere na fedha, ili mtoto ajue tangu mwanzo ya kuwa anajifunza desturi ya watu fulani juu ya maneno yao, wala si tabia ya ulimwengu.

Tena yafaa mwalimu ajue ya kuwa desturi hii si ya Ulaya nzima. Ng'ambo ya mpaka, katika Burundi, mwanafunzi wa Kifaransa hujifunza "beaucoup" moja tu, kwa maji na kwa watu, na "peu" moja tu, kwa maji na kwa watu. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa katika Kasulu mwaka 1996, waliishi waalimu kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Mtu wa namna hiyo akichanganya "few" na "little", haimpasi mtu kumcheka, maana lugha mbili alizozijua kabla, ya kwao na ya shuleni, hazikumdai tofauti hiyo.

Sasa tuzitazame lugha zetu wenyewe. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika Kirundi husemwa "abantu benshi" na "amazi menshi", na katika uchache "abantu bake" na "amazi make". Neno ni lile lile kwa watu na kwa maji. Linalobadilika ni kiambishi cha ngeli tu. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo na awasikilize wanafunzi wake wakizungumza Kiha nje ya darasa, apime mwenyewe kama mtindo wao si huo. Kiswahili nacho, katika upande wa wingi, hufanya vivyo hivyo: watu wengi, maji mengi, chumvi nyingi, uji mwingi, vitabu vingi. Shina "-ingi" halijali kama jina ni la rundo au la moja moja.

Liko na tatizo la pili katika upande huu. Katika Kiswahili vitu vya majimaji mara nyingi hukaa katika ngeli yenye sura ya wingi: maji, maziwa, mafuta, mawese, machozi, matope. Mtoto asemaye "maji haya ni mengi" husikia wingi mara mbili, katika "haya" na katika "mengi". Basi akiandika Kiingereza, huliweka jina katika wingi na kitenzi chake pia. Padre asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 atakuta humo maji katika wingi pamoja na "many", na huenda mwanafunzi wake akamwonyesha hapo kuwa ndiyo haki yake. Jibu ni kwamba Kiebrania hutaja maji kwa umbo la wingi tu, kama Kiswahili, na wafasiri wa zamani mara nyingi waliifuata sura hiyo. Kiingereza cha leo cha nyumbani na cha mitihani hakisemi hivyo. Ni vizuri mwanafunzi aambiwe sababu hii, maana aliona kwa macho yake wala hakukosa kuona.

Hata hapa twaweza kudhani ya kuwa Kiswahili hakina msaada. Lakini tugeukie upande wa uchache, tutaona jambo la ajabu. Twasema "watu wachache", wala hatusemi "watu kidogo". Twasema "maji kidogo", na anayesema "maji machache" husikika kuwa mgeni wa lugha. Siku chache, lakini muda kidogo. Vitabu vichache, lakini elimu kidogo. Mbuzi wachache, lakini chumvi kidogo. Tofauti ile ile ambayo Kiingereza huifanya kwa "few" na "little", Kiswahili huifanya kwa "-chache" na "kidogo", tena kwa njia moja: "kidogo" latokana na "-dogo", neno la ukubwa wa kitu, na "little" la Kiingereza nalo ni neno la ukubwa wa kitu. "Much" pia, katika asili yake ya kale, lilikuwa na maana ya "kubwa". Yaani lugha zote mbili hupima rundo kwa ukubwa wake, na vitu vya moja moja kwa idadi yake.

Wala si hilo tu. Twasema "idadi ya watu", lakini "kiasi cha maji". Nayo ni tofauti ya "number" na "amount", ambayo wanafunzi wa sekondari huikosa katika masomo ya sayansi. Twauliza "watu wangapi?", lakini "maji kiasi gani?", nayo ni tofauti ya "how many" na "how much". Basi mwanafunzi ana vipimo vitatu, navyo amevichukua kutoka nyumbani. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha ya kuwa anavyo.

Natoa shauri, basi, kanuni ibadilishwe hivi: Kabla ya kuchagua neno la Kiingereza, lipime jina kwa Kiswahili. Likipokea "-chache", andika "many" na "few". Likipokea "kidogo", andika "much" na "little". Tuijaribu kwa fedha, iliyomkwaza yule mtoto. Je, twasema "fedha chache"? La, twasema "fedha kidogo", na "kiasi cha fedha". Basi ni "little money" na "much money". Kanuni ya ubaoni ilimpoteza. Sikio lake la Kiswahili lingalimwongoza. Tujaribu "ushauri": ushauri kidogo, basi "much advice". Tujaribu "kazi": hapa Kiswahili husema vyote viwili, nacho hakikosei. "Kazi kidogo" ni jasho dogo, "little work". "Kazi chache" ni nafasi au shughuli chache, "few jobs". Vivyo hivyo samaki: samaki wachache ndani ya wavu, samaki kidogo katika sahani. Mwingereza naye husema "a few fish" na "a little fish" kwa maana hizo hizo.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuisifu kanuni hii mpya na kuficha mahali inapovunjika, kwa maana hilo ndilo kosa tulilolilaumu katika ile ya kwanza. Huvunjika katika pande mbili.

Upande wa kwanza ni majina ambayo Kiswahili huyahesabu na Kiingereza hakiyahesabu. Twasema mikate michache, lakini "bread" ni neno la rundo. Twasema nywele chache, lakini "hair" ya kichwa kizima ni rundo. Mizigo michache, lakini "luggage" ni rundo. Vifaa vichache, lakini "equipment" ni rundo. Habari chache na taarifa chache, lakini "news" na "information" ni rundo, na "news" hudanganya zaidi kwa kuwa ina sura ya wingi na kitenzi chake ni cha umoja. Katika miaka ya karibu watu wa vyuo wameanza kusema "tafiti nyingi", na kwa hiyo huandika "many researches", ambapo Kiingereza cha kawaida hutaka "much research". Orodha hii si ndefu. Yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa mwisho wa daftari na kukaririwa.

Upande wa pili ni majina ya punje na vitu vidogo vidogo. Mtu atokaye sokoni Kibondo husema amenunua maharage kidogo, karanga kidogo, dagaa kidogo, kwa sababu vitu hivyo hupimwa kwa sado au kwa fungu wala havihesabiwi. Lakini "beans" na "groundnuts" huhesabika katika Kiingereza, hata kama hakuna aliyewahi kuzihesabu. Na mahindi, yenye sura ya wingi kwetu, ni "maize", neno la rundo. Hapa njia nzuri ni kumpeleka mtoto sokoni kwa mawazo. Je, mahindi ni kiasi gani? Magunia mawili. Mchele? Madebe matatu. Mawese? Dumu moja. Chumvi ya Uvinza? Kilo nne. Ndizi? Chane tano. Neno la kipimo likiingia, rundo lagawanyika katika sehemu zinazohesabika, na "much maize" lageuka kuwa "many sacks of maize". Lugha zote mbili hufanya kazi hiyo kwa njia moja, nasi tunao wingi wa maneno ya vipimo. Mazoezi kumi ya namna hii yatafundisha zaidi kuliko mistari ishirini ya kujaza mapengo.

Yako mambo mawili zaidi ambayo mwalimu hukosoa kwa wino mwekundu pasipo kuyapima vizuri. La kwanza ni "less" na "fewer". Wanafunzi huambiwa ya kuwa "less people" ni ujinga. Yafaa katika mtihani waandike "fewer people", maana ndivyo watahiniwavyo. Lakini kanuni hii haina umri wa lugha. Tangu siku za mfalme Alfred, katika karne ya 9, Waingereza walitumia "less" kwa vitu vya kuhesabu pia. Na mwaka 1770 Robert Baker aliandika katika kitabu chake ya kuwa yeye aona "fewer" kuwa nzuri zaidi mahali hapo. Lililokuwa pendeleo la mtu mmoja likawa sheria ya shule. Mwalimu na aifundishe kuwa ni adabu ya maandishi, bila kumwita mjinga anayesema kama wasemavyo Waingereza wengi katika mazungumzo yao.

La pili ni hili: mwanafunzi aliyeishika kanuni vizuri huandika "I have much water", na mwalimu humpa alama. Sentensi haina kosa la kanuni, lakini masikioni mwa mwenye lugha ni ngumu. Katika sentensi ya kukubali, Kiingereza cha leo hupenda "a lot of", na "much" huachwa kwa swali na kwa kukanusha. Nalo "a lot of" hukaa mbele ya majina ya namna zote mbili, kama "-ingi" yetu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hulipenda. Aonywe tu ya kuwa kitenzi hufuata jina: maji "is", watu "are".

Nimeliweka mwisho jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni neno fupi "a". "Few" na "a few", "little" na "a little", hutofautiana si kwa idadi bali kwa moyo wa msemaji. Mwuguzi wa zahanati akiandika kwa wakubwa wake ya kuwa kuna "a little medicine", amesema: dawa bado ipo, twaweza kungoja. Akiandika "little medicine", amesema: dawa ni haba, tusaidieni. Dawa ni ile ile katika kabati. Sisi hupambanua kwa maneno mengine: "bado ipo kidogo", na "imebaki kidogo tu". Mwanafunzi asipofundishwa kuyafananisha maneno haya na ile "a", ataandika barua isiyosema alilokusudia, naye hatajua kwa nini hakujibiwa.

Najua ya kuwa wako waalimu watakaosema: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, na Kiswahili kibaki nje ya mlango katika saa hiyo. Nawaheshimu kwa bidii yao, maana mtoto asiyekisikia Kiingereza hatakisema. Lakini Kiswahili hakibaki nje ya mlango kwa kufukuzwa. Mtoto aliyeandika "many money" hakuandika Kiswahili. Aliandika kanuni yetu, na kama angaliruhusiwa kuuliza lugha yake, angaliandika sawasawa. Tena mtoto wa Buha ambaye Kiha ndicho kilichomlea apaswa kwanza kuthibitishwa katika Kiswahili chenyewe, asije akasema "maji machache" kwa kufuata "amazi make". Na kazi hiyo ni ya mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza kwa pamoja, ambao katika shule nyingi ndogo ni mtu mmoja.

Yawezekana kipimo hiki kina matundu mengine ambayo sijayaona. Waalimu wa Kasulu na Kibondo, pamoja na wale wa Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizotengwa nazo mwaka 2012, wana wanafunzi mbele yao kila siku. Na wakipime kwa majina mia moja ya matumizi ya nyumbani, waandike mahali kinapofaa na mahali kinapokosa, hasa katika majina ya nafaka, mboga na samaki, ambayo Kiha na Kiswahili huenda vikayagawa kwa njia mbili. Na siku mtoto atakapoinua mkono kuuliza mbona fedha huhesabika, ajibiwe: "Umeuliza vizuri. Twasema fedha chache, au fedha kidogo?"